Mshipa wa Chonge

Kulikuwa na daktari mmoja, mdadisi wa kupindukia tangu utotoni. Shangazi yake aliyemlea alimwita Chokonoa, maana saa ya ukutani aliifungua, redio aliifungua, na siku moja alikutwa amempanua paka mdomo anamhesabu meno. Paka alimpa haki yake. Alama ya ukucha anayo kidevuni mpaka leo. Alipokuja kuwa daktari wa meno hakuna aliyeshangaa.

Lakini udadisi wake, jamani, uliishia mdomoni. Kichwani mwa mgonjwa hakuwahi kupiga hodi. Miaka kumi na minne alieleza mambo haraka haraka huku anavaa glavu, kisha anauliza, "Sawa?" Mgonjwa anasema, "Sawa." Anatia sahihi, anapanua mdomo, kazi inaanza. Na nani asingesema sawa? Umelazwa chali, taa inakumulika usoni, mwenzio ameshika koleo!

Siku moja chama cha madaktari kikawatumia wote karatasi ya maswali kuhusu ridhaa ya mgonjwa. Akayajibu mbio mbio. Unamweleza mgonjwa? Ndiyo. Anatia sahihi? Ndiyo, tena kwa wino. Swali la mwisho lilimkwamisha: Unajuaje kwamba ameelewa? Akang'ata kalamu. Akaipeleka karatasi nyumbani, akairudisha kazini, mstari bado mtupu. Ilimkera kweli.

Basi akaamua kuchokonoa. Kabla ya sindano alimwomba kila mgonjwa: "Niambie kwa maneno yako mwenyewe, nitakufanya nini?" Dereva wa lori akajibu, "Utaniumiza." Mwalimu mmoja akakariri maelezo yote neno kwa neno, nusura aigize na kikohozi cha daktari. Muuguzi alicheka mpaka akatoka nje.

Akaja mshonaji wa nguo, mama wa makamo, mpole, amebana kwapani mkoba aliojishonea. Chonge lake la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza ndani. Wiki iliyotangulia daktari alimweleza kwamba atalitoboa, aue mshipa, azibe, jino libaki. Mama alisema sawa. Sahihi yake ilikuwamo kwenye faili, imenyooka kama mshono.

"Mama, niambie, leo nitakufanya nini?"

"Utaua mshipa."

"Ehe. Halafu?"

"Halafu jicho langu la kushoto litapofuka," mama akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu angetaja vipimo vya shati. "Nimeshakubali, mwanangu. Nitabaki na la kulia."

Muuguzi aliyekuwa akipanga vifaa akaacha. Daktari alidhani amesikia vibaya.

"Jicho? Nani amekwambia habari za jicho?"

"Si kila mtu anajua? Chonge la juu na jicho mshipa wao mmoja. Nimevumilia miezi minane nimalize kwanza sare za watoto wa shule, maana kutunga uzi kwa jicho moja si mchezo. Jana cherehani yangu nimempa binti yangu. Nimemfundisha, ataweza."

Daktari akavuta kigoda, akakaa. Mtu alikuwa amemkubalia ampofushe jicho, na sahihi akaweka! Kama si lile swali, angemchoma sindano dakika hiyo, amalize, ampongeze kwa ushujaa.

"Mama yangu, mshipa ninaoua ni wa humo humo ndani ya jino. Jicho lina wake. Utatoka hapa unaona kama ulivyoingia."

Mama akamkodolea macho yote mawili. Yakamlengalenga machozi, kisha hasira ikapanda.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

"Na wewe uliniuliza?"

Daktari akainamisha kichwa. "Sikukuuliza. Nisamehe."

Akachukua karatasi, akamchorea jino, mzizi wake na mshipa wake. Mama naye akafunguka. Sindano ina urefu gani? Ganzi hukaa saa ngapi? Na liking'olewa tu, si yataisha? Akajibiwa moja moja, huku nje foleni inaguna.

"Haya," daktari akasema, ameshika sindano ya ganzi, "sasa unakubali?"

"Hapana."

Katika kiti kile neno hilo halikuwahi kusikika tangu kinunuliwe.

"Leo sikubali," mama akasema, anashuka, anatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Jino limenitesa miezi minane, litangoja hadi kesho. Kwanza niende nikamwambie binti yangu anirudishie cherehani yangu, na hayo si maneno ya kusema mdomo umekufa ganzi."

Daktari akaiweka sindano chini, akaenda kumfungulia mlango.