Etriye Zenye Tuliacha Chini

Kwetu Bukavu inchi inatetemeka mara mingi, na batu banazoea. Sahani zinalia ndani ya kabati, mutu anasema "Mungu wangu", kisha anaendelea kula. Miye, tangu bibi yangu, mama ya batoto yangu, alipata kazi ya kufundisha bamama kushona kwenye foaye ya masera, kituo cha masista, sikuweza tena kuzoea. Ile nyumba ya etaje, ya gorofa, ni miye nilifunga chuma zake. Na nilijua namna nilizifunga.

Mutu mwenye hajatumika shantie, pahali banajenga, atasema chuma ni chuma. Hapana. Ndani ya kila poto, ile nguzo ya betoni, kuko chuma ndefu zenye kusimama, na tunazizungusha chuma ndogo, etriye, sawa vile unafunga muzigo wa kuni ili usiachane. Pahali putre, ile boriti ya kulala juu, inaingia kwenye poto, njo inchi ikitikisika inavuta sana, njo etriye zinapaswa kukaribiana. Na njo kazi inachosha. Putre tulikuwa tunaifunga chini, kisha batu sita tunaipandisha na mabega. Etriye za poto zinaizuia kuingia. Basi tulikuwa tunalegeza waya, tunasukuma etriye chini, putre inapita, kisha tunazipandisha moja moja na kuzifunga tena.

Ile siku mvua ilikuwa inatoka upande wa Idjwi, kisiwa ya ziwani. Betoni ilikwisha kuchanganywa, na shefu alikuwa analalamika: "Bandugu, betoni itakauka, munangoja nini?" Poto ine za upande wa ziwa, hatukuzipandishia etriye. Miye njo nilisema, "Acha tu, nani ataona?" Betoni ikafunika, na kweli hakuna aliyeona.

Miaka sita nilikaa na ile neno. Kikombe ikilia kidogo tu juu ya meza, natoka inje kuangalia upande wa foaye. Nilimwambia bibi aache kazi. Nilisema njia iko mbali, nilisema batoto banakosa mama. Alicheka: "Papa, sasa unaonea hata masera wivu?" Niliogopa inchi, lakini niliogopa zaidi bibi yangu ajue.

Siku moja, saa tisa ya muchana, inchi ikatikisika kwa nguvu. Nilitoka kwetu Kadutu mbio mpaka foaye, kiatu moja ikabaki kwenye matope, na sikurudi kuiokota. Nyumba ilikuwa ingali inasimama. Bamama balikuwa inje, bengine banasali, bengine banaanza kuchekana namna balivyokimbia. Bibi alinionyesha kichwa ya poto moja ya upande wa ziwa, pale putre inaingia. Mipasuko mbili ilikuwa imekatana pale, sawa alama ya kuzidisha.

"Masera mukubwa amesema kesho fundi atapaka simenti," aliniambia. "Sisi tutaendelea kushona kule juu."

Nilimuvuta pembeni, nikamwambia yote.

"Wewe usipande tena," nilisema. "Nakuomba."

Aliangalia bamama benzake, kisha akaniangalia miye.

"Miye nisipande. Na bale?"

Mbele ya Mungu, miaka sita yote sikujiuliza ile swali hata mara moja. Haya ilinishika mpaka nikaangalia chini.

"Nikisema, hakuna mutu wa Bukavu atanipa kazi tena."

"Muficha uchi hazai, papa. Kesho nitapanda, nitakaa nabo, mpaka utasema kwa masera."

Niliishi naye miaka kumi na moja. Nilijua si maneno ya bule. Ule usiku nilipata usingizi karibu kuche tu. Asubui niliposhituka alikuwa amekwisha kwenda. Nilifika foaye nikisikia mashini za kushona juu, na moja kati yazo ilikuwa yake. Chini, masera mukubwa alikuwa anafungulia fundi depo ya simenti.

Nilivua kofia.

"Masera," nilisema, "ile simenti haitasaidia. Poto ine za upande wa ziwa hazina etriye kwenye kichwa. Ni miye niliziacha. Muite bamama bashuke."

Aliangusha funguo kwenye muchanga, akakimbilia ngazi.