Kisu cha Fidèle Chini ya Kawa

Mume wangu Zubeir hamwamini mtu. Simu ikiadhini adhuhuri, yeye huenda dirishani kwanza kuangalia jua limefika wapi. Maziwa ya dukani huyanusa kabla hayajafunguliwa. Fundi bomba akija, Zubeir hupindua ndoo, akaikalia, akamkodolea macho mikononi mpaka mwana wa watu anatoka jasho. Tumetoka Tanga tumekuja Sydney, kila kitu kimebadilika, Zubeir ni yule yule.

Sasa nielezeni mimi, mtu kama huyo aliingiaje kwenye visu vya Kifaransa, biashara iliyojaa ulaghai toka chini mpaka juu? Visu vyenyewe ni vya mfukoni, vya kukunja, vina nyuki mdogo wa chuma mgongoni. Vinaitwa Laguiole, jina la kijiji cha huko Ufaransa, na matapeli wa dunia nzima wanatengeneza vyao na kuvibandika jina hilo hilo. Cha kwanza alikinunua gulioni Jumapili, akaja nacho anameremeta kama bwana harusi. Wiki haikwisha, nyuki akabanduka. Kumbe amebandikwa kwa gundi! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile kila kisu anachoagiza hukipekua kwa kioo cha kukuzia, hupitisha ukucha chini ya nyuki, hukifunga na kukisikiliza mlio. Vile vilivyofaulu mtihani huviweka kwenye sanduku, na kila Ijumaa akitoka msikitini huvipaka mafuta. Mgongo wangu mimi unauma tangu Ramadhani na hajaupaka hata tone.

Ugonjwa huo aliupata kwa Fidèle. Fidèle ni Mkongomani wa Bukavu, wanafanya kazi ghala moja kule Minto. Saa ya chakula alikuwa akimenya chungwa kwa kisu cha marehemu baba yake, aliyekuwa mpishi wa mapadri, akakipata kwa padri mmoja Mfaransa. Mpini wa pembe, makali yameliwa na jiwe la kunolea mpaka yamekuwa membamba, nyuki yuko pale pale hatikisiki. Zubeir akakitazama kama mtoto anavyoitazama halua. Akataka kukinunua, Fidèle akacheka, akakataa. Mwaka uliofuata akataka tena, akakataliwa tena. Katika kutaka na kukataliwa wakawa marafiki.

Na nasema wazi, Fidèle ndiye rafiki pekee wa mume wangu katika jiji hili. Watu wa kwetu amewamaliza. Huyu alimshuku kwa mchango wa msiba, yule kwa nyama kama ni halali, yule mwingine kwa sababu anacheka sana. Alipopasuliwa goti, Fidèle ndiye aliyempeleka hospitali na kumrudisha, akamshika kiuno kupanda ngazi zetu hapa Granville. Akimpoteza Fidèle atabaki na mimi tu, na mimi peke yangu simtoshi, wallahi nachoka.

Basi, Jumamosi moja Fidèle akaja kwa treni kutoka kwao Doonside, na mkoba. Akatoa bakuli la sombe, ndivyo wanavyokiita kisamvu wao, na chini ya bakuli akatoa furushi la kitenge kilichopauka. Akalifungua. Kisu cha baba yake. Akakiweka juu ya viganja viwili, akamnyooshea Zubeir.

"Ndugu yangu, kamata. Ni ya kwako."

Nilidhani Zubeir atalia kwa furaha. Akarudisha mikono nyuma. "Weka mezani," akasema.

Kwetu kisu hakipokewi mkono kwa mkono, kama vile pilipili. Mkipokezana mtagombana, kila mtoto wa pwani analijua hilo. Lakini Fidèle si wa pwani. Nilimwona akisita, akamtazama Zubeir kama mtu aliyetoa salamu isijibiwe, kisha akakiweka.

"Miaka yote umeninyima," Zubeir akasema. "Leo unanipa bure?"

"Si bure kabisa. Utanipa senti moya, hata ile ndogo."

Macho ya Zubeir yakasinyaa. Nayajua macho hayo, ndiyo anayomtazamia fundi bomba.

"Mbona umekificha chini ya sombe?"

"Polisi banapekua watu mu stesheni, unajua wewe mwenyewe."

"Na senti ya nini? Ili wakija hapa mimi ndiye niliyenunua?"

"Zubeir!" nikamkemea.

Ah, hanisikii. Akainama karibu na kisu bila kukigusa. "Fidèle, niambie ukweli. Kisu hiki kimefanya nini?"

Jamani! Kumwuliza hivyo mtu aliyetoka vitani, aliyezika ndugu zake bila sanda! Nilitamani sakafu inimeze. Fidèle hakufoka. Alikunja kitenge polepole, akakitia mfukoni, kisu akakiacha pale pale. "Mama Ghaliya, asante," akaniambia mimi. "Sombe mutakula na wali." Mlango akaufunga taratibu, na huo utaratibu wake uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Kisu kikabaki mezani. Zubeir hakukubali kukigusa, ati alama za vidole. Nami nisikiguse. Akachukua kawa langu la kufunikia chakula, akakifunika. Tukawa tunakula pembeni ya meza kama wageni. Binti yetu Ghaliya, anayekisikia Kiswahili akajibu Kiingereza, akauliza kama humo ndani tunafuga panya.

Ghalani Fidèle akahamia upande mwingine, chakula akawa anakula huko. "Umeona?" Zubeir akaniambia. "Mwenye hatia hujitenga mwenyewe." Lakini chakula chake kilikuwa kinarudi nyumbani vile vile nilivyokifunga. Ijumaa zikapita, sanduku hakulifungua. Usiku nikamsikia anageuka geuka. Alikuwa na huzuni, basi tu hataki kuikiri, akaiita tahadhari.

Siku moja nikamkuta Chibalonza, mke wa Fidèle, duka la dagaa hapa Granville. Aliponiona akageuza uso. Nikamzibia njia kwa toroli langu.

"Dada, tumekukoseeni nini?"

"Wewe hapana," akasema. "Bwana yako. Bwana yangu alimuletea kisu ya baba yake, akakataa kuikamata, akamwita muuaji. Hata senti moya alimunyima."

"Hiyo senti ni ya nini, Chibalonza? Niambie, mimi sijui."

Akanishangaa. "Kisu haipewi bure, mama. Ukipewa bure inakata urafiki. Ule padri mwenyewe aliomba baba yake faranga moya. Fidèle hakutaka urafiki ikatike."

Niliacha dagaa pale pale. Nilipanda ngazi zangu nikihema, nikamkuta bwana kakaa mbele ya lile kawa.

"Mpumbavu wewe!" nikamwambia, na Mungu anisamehe. "Wewe ulikataa mkono wake ili msigombane. Yeye akaomba senti ili msigombane. Na mmegombana!"

Nikamweleza yote. Kisha, hebu msikie: "Kakwambia Chibalonza. Una hakika ni kweli? Na kwa nini sasa? Kwa nini asimpe mwanawe?"

"Nenda kamwulize!"

Jumamosi tukapanda treni kwenda Doonside. Njia nzima alikuwa na sarafu mkononi, anaigeuza huku na huku, anaikagua. "Nayo ya bandia?" nikamwuliza. Hakucheka.

Fidèle alifungua mlango, akasimama kizingitini. Hakutukaribisha. Zubeir akamnyooshea sarafu.

Fidèle hakutoa mkono. "Weka pale," akasema, akaonyesha kiti cha plastiki cha kibarazani.

Mume wangu akainama, na lile goti lake, akaiweka. Nilimwonea huruma, lakini nilisema moyoni, haya, onja.

"Uliniuliza swali," Fidèle akasema. "Ile kisu imefanya nini. Mimi sikujibu, maana nilikasirika. Leo nitajibu. Tulikuwa tunakimbia vita, mu njia ya Kamanyola. Chibalonza akashikwa na uchungu mu pori. Hakuna nesi, hakuna wembe. Tulitandika kile kitenge, nikachoma ile kisu mu moto, nikakata kitovu ya Olivier. Ndio kazi yake hiyo. Ingine ni machungwa."

Olivier ni kijana wao mkubwa, anatunza wazee huko Penrith.

"Nilitaka kumupa yeye," Fidèle akaendelea. "Akaniambia, papa, tupa mu taka, polisi watakukamata nayo bure. Sikumuambia kitu. Nikafikiri, nani mu hii Sydney atapaka ile kisu mafuta? Ni wewe."

Zubeir akafungua mdomo. Nikajua sasa atauliza ana ushahidi gani, nikainua mguu tayari kumkanyaga. Lakini mume wangu alikuwa analia. Miaka yote ya ndoa sijapata kuyaona machozi yake, hata kaburini kwa mama yake.

"Nisamehe, Fidèle," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nitakitunza. Lakini si changu. Siku Olivier atakapokiulizia, ni chake."

Fidèle akatutazama. Kisha akainama, akaiokota sarafu kwenye kiti, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Akikuja," akasema, "usimupe bure. Umuombe senti."

Akasogea pembeni, tukaingia ndani.