Sikuambii na Mkebe wa Miwani

Nimeombwa mara tatu niandike habari za huyu mama, na mara tatu nimekataa. Mimi si karani. Herufi nazijua moja moja, kama mtu anavyowajua majirani zake. Zikishikana mikono zikaanza kukimbia, sizijui tena. Chama chao cha watetezi kikasema kitamtuma mtu aniandikie. Nikasema asikanyage kwangu. Yameshaandikwa ya kutosha kwa niaba yangu. Basi nimeandika mwenyewe, siku kumi na moja, na atakayecheka mwandiko wangu acheke mbali.

Jina analo, lakini sisi wazee tunamwita Sikuambii. Ukimuuliza, "Mwanangu, nifanye nini?" anakujibu, "Sikuambii, mama. Niambie unataka nini, nikusemee." Kazi yake ni utetezi. Mzee, mgonjwa wa akili, mtu yeyote ambaye wenye kalamu wanataka kumwamulia pa kulala na pa kula, yeye anakaa upande wake na kusema maneno yake. Si wa ofisi, si wa makao ya wazee, si wa familia. Ni mwanamke mwembamba wa viatu vya raba, na anatembea upesi kama aliyeacha chungu jikoni.

Chungu ndicho kilichonikutanisha naye. Sufuria yangu iliungua, pazia likashika moto, nikauzima kwa maji ya kuoshea vyombo. Mimi nilijisifu. Mtoto wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu ana miaka sita, hakuona cha kusifu. Wiki iliyofuata akaja na karatasi ya ustawi wa jamii.

"Mama mkubwa, isome vizuri kabla hujatia sahihi."

Nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu, nikakunja uso mahali ambapo nimeona watu hukunja.

"Umeielewa?"

"Unaniuliza mimi? Nilikuwa naelewa mambo kabla mama yako hajaota meno."

Nikatia sahihi. Jina langu naliandika vizuri kuliko daktari. Nilidhani ni karatasi ya kuletewa mtu wa kunifulia.

Jumatatu akaja mwanamke kutoka makao ya wazee. Akaniuliza kama nimezoea kulala upande wa ukuta au wa mlango. Akaniambia nichague nguo sita na chombo kimoja, gari litakuja Ijumaa.

"Gari la nini?"

"La kukuhamisha, bibi. Si umekubali mwenyewe?"

Akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika mlango, na mlango ndio ulionishika. Nyumba hii niliijenga tofali kwa tofali na marehemu mume wangu, chumba cha pili tukakiezeka nikiwa na mimba. Nimezika watu humu. Sikuwahi kuogopa mtu akibisha. Kuanzia siku ile kila gari lililopunguza mwendo lilinitoa jasho. Niliacha kupika. Nilikificha kiberiti ndani ya foronya, asije mtu akakiona. Nilikuwa nakaa nyuma ya mlango wangu mwenyewe kama mwizi, nahesabu nguo: sita ni zipi, na chombo kimoja ni kipi? Na mwanangu sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba mama mkubwa wake, aliyemsimamia kila jioni afanye kazi za shule, alikuwa anashika daftari kichwa chini miguu juu?

Jumanne zahanati, muuguzi alinipima presha, akapima tena.

"Bibi, kuna nini?"

"Chumvi."

"Chumvi haitetemeshi mikono."

Akapiga simu. Jumatano asubuhi Sikuambii akawa kwangu.

Hakukagua jiko wala kunusa pazia. Aliomba ruhusa ya kukaa, akakaa. "Mama, unataka nini?"

Usifanye mchezo na swali hilo. Tangu pazia liungue, hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Nataka nife kwenye kitanda changu."

"Hilo la kufa tuliache kwanza. Kabla ya kufa unataka nini?"

Nikacheka, nikakasirika kwamba nimecheka. Nikamwambia: kukaa kwangu, kupika kwangu, na mtu wa kunifulia mashuka mazito. Akaandika, akanisomea alichoandika. Kisha jicho lake likaangukia mkebe wa biskuti dirishani, ulio wazi.

"Miwani zote hizi za nani?"

"Zangu."

Zilikuwa tano. Nikipewa kitu cha kusoma, husema miwani yangu imevunjika. Watu wana huruma, wananiletea nyingine. Sikuambii akachukua moja, akapuliza vumbi, akaitazama. Kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akairudisha polepole. Nilijua amejua, na alijua kwamba nimejua.

"Karatasi uliisoma?"

"Niliisoma."

"Sawa. Kesho kuna kikao, nimekiomba. Nitasema maneno yako, siongezi wala sipunguzi. Ukisema uliisoma, nitasema uliisoma. Na kama uliisoma ukaielewa, mama, sahihi yako inasimama."

"Waambie ilikuwa na herufi ndogo."

"Zilikuwa ndogo?"

Nikaufunika mkebe. Nikamuuliza angekuwa yeye angefanyaje. Unajua alivyonijibu.

Alhamisi saa nne tulikuwa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii. Mkebe nilikuwa nao mkobani, sijui kwa nini niliubeba. Nikamuuliza kwa nini anafanya kazi hii, ili nisikie sauti isiyo ya moyo wangu. Akasema alikuwa na kaka yake, mzito wa kuongea, anahitaji kusubiriwa. Siku walipoamua apelekwe wapi, kaka yake aliachwa nje kwenye benchi kama hili. Familia ilikuwa ndani, naye Sikuambii alikuwa ndani, ametingisha kichwa kukubali pamoja na wengine. "Nilipotoka aliniuliza, 'Nimesema nini?'"

Tukaitwa. Chumba kina meza ndefu, feni inayolia, na kiti changu kimewekwa ukutani. Sikuambii akakibeba mwenyewe akakileta mezani. Afisa akafungua faili, akamgeukia mwanangu, aliyekuwa ameshafika.

"Bibi anakula vizuri?"

"Bibi yuko hapa," Sikuambii akasema. "Ana masikio mazuri."

Afisa akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, mbaya ningemjibu. Akanisukumia karatasi. "Mama, hapa chini imeandikwa nimesoma na nimeelewa. Hii ni sahihi yako?"

"Yangu."

"Uliisoma?"

Feni ikalia. Mwanangu alikuwa ananitazama. Nikamtazama Sikuambii anisaidie, akanitazama tu, kalamu imesimama, ananisubiri, nadhani kama alivyotamani kaka yake asubiriwe. Nikaona gari la Ijumaa, nikaona uso wa mtoto niliyemlea, na sikujua kipi nakiogopa zaidi.

Nikatoa mkebe. Nikamwaga miwani mezani.

"Hizi nimepewa na watu wenye huruma," nikasema. "Hakuna hata moja inayonifaa. Macho yangu ni mazima. Karatasi sikuisoma, kwa sababu sijui kusoma maneno yaliyojaa hivyo."

Mwanangu akanyoosha mkono, akachukua ile ya rangi ya chai.

"Hii nilikununulia mimi," akasema. "Na hii." Akaziweka pamoja. "Mama mkubwa, na zile hadithi ulizokuwa unanisomea?"

"Nilikuwa natunga."

"Ndiyo maana kila siku sungura alikufa tofauti."

Akafunika uso. Sijui alikuwa anacheka au analia, na mpaka leo sijamuuliza.

Afisa akapiga mstari kwenye karatasi kutoka pembe hadi pembe. Sikuambii akasoma mambo yangu matatu, kama nilivyoyasema. Mwanangu akasema wazi kwamba anaogopa moto, kwamba akiwa kazini anauona moto. Sikujua. Tukakubaliana: nipike akiwepo yeye au mtu wa kufua, kiberiti akae nacho yeye, na baada ya miezi mitatu waje kutazama. Kiberiti kiliniuma, lakini nilikitoa.

Ijumaa gari halikuja. Hata hivyo nilikaa nyuma ya mlango siku nzima. Miezi mitatu inaisha mwezi ujao, na gari likipunguza mwendo bado mkono wangu unatafuta ukuta. Tofauti ni kwamba mara hii karatasi yoyote itasomwa kwa sauti, na kiti changu kitakuwa mezani.

Haya, nimeandika. Sasa zamu yako. Nyumbani kwako yupo mtu ambaye miwani yake huvunjika kila karatasi inapokuja. Nenda leo, umsomee kila neno, mpaka zile za chini kabisa, na usimuulize miwani iko wapi. Kisha niandikie alisema anataka nini. Tumia herufi kubwa, na usiziunganishe.