Feza Zilizozaliwa Zimepinda

Mwanvua binti Waziri aliuza mandazi na chai ya tangawizi mbele ya gare ya Kindu, kituo cha treni. Wasafiri walimpenda kwa kuwa mandazi yake yalikuwa ya moto, tena hakuwa na maneno mengi juu ya feza. Wauzaji wengine walichungulia kila feza ya chuma kama mtu anayenusa samaki wa jana. Wakiona alama ya ajabu, wanairudisha. Mwanvua alizipokea zote. Ile iliyomshangaza aliitia katika kopo la maziwa, na mahali pake akaweka nzuri yake mwenyewe, biashara isiharibike.

Ilianza mwaka wa sabini na tano, asubuhi moja ya mvua, wateja hakuna. Alikuwa akichezea feza ya makuta kumi mkononi. Alipoigeuza aliona upande mmoja kichwa kimesimama sawasawa, na upande wa pili namba imelala ubavu. Akachukua nyingine, akaigeuza vilevile: namba imesimama. Akairudia ile ya kwanza, kisha nyingine, mpaka chai ikapoa. Tangu siku ile macho yake hayakutulia. Aliona yenye ukingo uliomegeka kama biskuti iliyoumwa. Aliona nyingine ambayo kichwa kilihama pembeni, nusu ya paji la uso ikabaki nje. Mume wake alikuwa kule Pangi akichimba mawe ya madini, akija nyumbani kwa nadra, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwambia aache upuuzi.

Mteja wake wa kila asubuhi alikuwa Kasanda, mtu wa Kasai, aliyekereza vyuma katika atelye, karakana ya reli. Majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, na karatasi zake zote za kazi ziliandikwa Kasanda tu, lakini katika mtaa wa Mikelenge aliendelea kuitwa Florentin, na aliitika. Mwanvua alimwonyesha feza aliyoipenda kuliko zote: mstari mwembamba ulishuka kutoka jichoni hadi shavuni, ungesema kichwa kile kinalia. Florentin hakucheka. Alifuta mafuta vidoleni, akapitisha ukucha juu ya ule mstari.

"Mama, sikia hapa. Mustari umeinuka juu," alisema. "Muntu akikwaruza feza, anachimba shimo. Hawezi kuinua chuma. Huu njo muhuri wenyewe ulipasuka kule kiwandani wanapopiga feza, na feza ikazaliwa nao."

Akachukua nyingine kutoka koponi, akaonyesha kwamba mstari wake ulikuwa mfereji. Hiyo, alisema, iliumia huku kwetu duniani. Mwanvua aliitoa koponi siku hiyohiyo na kuitumia kununua chumvi.

Kumbe watu walikuwa wakitazama. Mtaani pakaanza kusemwa kwamba mwanamke wa mandazi anakusanya vichwa vilivyokatwa. Na kichwa kilichokuwa juu ya feza kilikuwa cha mkubwa wa nchi. Hapakuwa na mtoto asiyekijua. Maneno yalimfikia Bulaimu, aliyesimamia mambo ya chama katika mtaa wao. Bulaimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na aliwaogopa zaidi wale waliokuwa juu yake. Alimwita Mwanvua nyumbani kwake, akamkalisha kwenye kiti kizuri, naye mwenyewe akabaki amesimama.

Usiku wa kuamkia siku ile Mwanvua alikuwa amefikiri kulitupa kopo katika mto Lualaba. Hakuweza. Alikwenda nalo kifuani.

"Mama Mwanvua, watu wanasema unaweka picha za mukubwa zilizoharibika," Bulaimu alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nitawajibu nini?"

Mwanvua alilitazama kopo. "Papa Bulaimu, hizi sikuziharibu mimi. Zilikuwa zinatembea sokoni, watu wanazikataa, wanazitupa chini na kuzicheka. Mimi nilizitoa njiani. Unapenda nizirudishe?"

Bulaimu alikaa. Ungeweza kuona wazo likipita usoni mwake, polepole, kama mtu anayevuka daraja la miti. Kisha akaomba kuona ile inayolia, akaishika kwa ncha za vidole, akairudisha haraka.

Kwenye mkutano wa mtaa uliofuata alitangaza kwamba, kwa heshima ya mkubwa, kila mwenye feza iliyoharibika sura aipeleke kwa mama Mwanvua wa gare, naye atampa nzuri.

Hilo la mwisho hakumwuliza mtu. Asubuhi yake mstari wa watu ulikuwa mrefu kuliko wa tiketi. Walileta zilizokanyagwa na treni, zilizopigwa nyundo, zilizotobolewa ili zivaliwe shingoni. Mwanvua alibadilisha mpaka akakosa za kununulia unga, na watoto wake walikula mandazi ya jana. Hapo ndipo ukucha wa Florentin ulipomwokoa. Alianza kupima kila moja mbele ya mwenyewe, na kurudisha bila aibu. "Hii iliumia duniani," alisema, "haikuzaliwa hivi." Watu walinung'unika, wengine wakatukana kidogo, lakini polepole wakajifunza, na baada ya muda walimletea zile za kweli tu.

Siku moja treni ya kwenda kusini ilipochelewa, kama kawaida yake, Anne, mwalimu wa Kibelgiji aliyekuwa akitoka Kisangani, alikaa kwenye benchi la Mwanvua kutwa nzima. Kaka yake kule Ulaya alikuwa akikusanya feza za namna ile. Alipoona kopo alisahau chai. Walizipanga juu ya kitambaa, Florentin akisaidia pale Kiswahili cha Anne kilipokwama. Zenye namba iliyolala, Anne alisema, zina bei ndogo. Ya ukingo uliomegeka, nzuri. Ya kichwa kilichohama, hiyo kaka yake angeiweka chini ya mto wa kulalia. Na ile inayolia? Anne alitikisa kichwa kwa huruma. Mihuri hupasuka kila siku. Hakuna wa kuilipia.

Mwanvua aliumia kidogo, siwezi kuficha. Aliirudisha ile koponi peke yake. Nyingine alimwuzia Anne, bila kubishana sana, na bei ya kile kichwa kilichohama ilimshangaza hata Florentin. Alinunua baiskeli ya kubebea unga, na mabati ya kuezekea jiko.

Miaka iliyofuata bei zilipanda mpaka makuta kumi hayakununua hata kibiriti, na feza za chuma zikawa vitu vya kuchezea watoto. Wengine walisikitika. Mwanvua alifurahi, kwa kuwa sasa aliletewa ndoo nzima bila kubadilisha chochote. Kila Jumapili Florentin alikuja baada ya misa na miwani yake, wakakaa chini ya mabati wakipitisha kucha, na Ndaya, mke wa Florentin, akiwaambia kwamba wali unapoa.