Mume Wangu Hakufuta Majalada

Mume wangu hakufuta jalada hata moja. Naanza na hilo kwa sababu kinyume chake ndicho kinachosemwa saluni, kwenye foleni ya benki, na hata mlangoni pangu na watu waliokuja kunipa pole. Wanasema mhandisi wa masijala ya mahakama alikula mlungula, akafuta hukumu za watu, kisha moyo ukamsuta mpaka ukasimama. Moyo wake ulisimama, hilo ni kweli. Mengine ni maneno ya watu ambao midomo yao haina kazi. Mimi nimefundisha lugha sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitaeleza hatua kwa hatua, ili hata asiyewahi kugusa kompyuta asiwe na kisingizio cha kutoelewa.

Hukumu za miaka mingi ziliingizwa kwenye hifadhidata, yaani ghala la nyaraka ndani ya kompyuta, na karani alipotaka kesi fulani aliandika neno, nao mfumo ukamletea nyaraka zenye neno hilo. Mfumo hausomi karatasi zote kila unapoulizwa. Una faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, na ili faharasa ipatikane, lazima maandishi yakatwekatwe kuwa maneno. Kinachokata kinaitwa mkataji. Mkataji uliokuja na mfumo wetu ulikuwa umechomelewa humo humo ndani, na ulijua kukata penye nafasi tu. Karani akiandika "kulipa", hukumu yenye "hawakulipwa" haikutokea. Makarani walilalamika, wakachoka, wakarudi kupekua makabati kwa mikono.

Wengine wangetafuta mkataji bora na kuuchomelea mahali pa ule wa zamani. Mume wangu hakupenda kazi ya namna hiyo.

"Mwalimu," aliniambia, maana hakuniita vingine tangu uchumba, "mimi sitengenezi kisu. Natengeneza mpini. Leo tutachomeka kisu hiki, kesho akija mwenye kisu kikali kuliko chetu tutachomoa, tutachomeka chake, na meza itabaki ile ile."

Mpini huo aliubuni kwenye meza yangu ya kulia chakula, na kwa muda mrefu sahani tulizipakata mapajani. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika masharti: mkataji wowote utakaokuja utapewa nini na mfumo, na utarudisha nini.

"Nikikupa ukurasa uukate," aliniuliza jioni moja, "utanirudishia nini?"

"Maneno."

"Maneno matupu? Karani akitaka neno lipigiwe mstari nitajuaje lilikuwa wapi?"

"Basi na mahali lilipoanzia, na lilipoishia."

"Hapo sawa. Ila usinieleze umekataje. Ya jikoni kwako sitaki kuyajua."

"Ya jikoni kwangu umeanza lini kuyajua, zaidi ya kula?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Mdogo wake naye alicheka. Huyo lazima nimtaje. Ni kitinda mimba wa mama mkwe wangu, tulimchukua akiwa shule ya msingi, na insha zake nilizisahihisha kwenye meza hiyo hiyo. Nyumbani tulimwita Fasta, kwa sababu hata uji aliunywa kabla haujapoa. Alisomea kompyuta, akafanya usaili kama wenzake, akaingia kitengo cha kaka yake kwa alama zake. Hilo pia nalisema ili lisipotoshwe.

"Kaka, hii ni programu au mkataba wa ndoa?" Fasta aliuliza akichungulia karatasi. "Masharti yote haya."

"Ndoa ina talaka, bwana mdogo. Hapa wakiachana, raia wanakosa haki zao."

Alikuwa na sharti moja alilolishikilia kuliko yote. Mkataji uliojenga faharasa ndio huo huo lazima ukate na swali la karani. Ukijenga kwa mmoja na kuuliza kwa mwingine, mambo yanapishana: swali linatafuta shina la neno, faharasa imehifadhi neno zima, na hukumu iliyopo inaonekana haipo. Kwa hiyo kila faharasa aliipiga muhuri wa mkataji wake, akaweka kufuli. Mtu akichomeka mkataji mpya bila kuijenga upya faharasa, mfumo unagoma kufunguka. Kufuli hilo lilikuwapo. Naomba msomaji ashike hapo hapo.

Fasta ndiye aliyeandika mkataji mpya, uliojua kuchomoa "lipa" ndani ya "hawakulipwa", na ulikuwa mzuri. Kaka yake alimsifu mbele yangu, naye alikuwa mgumu wa kusifu. Kilichobaki kilikuwa kufunga mfumo siku kadhaa ili faharasa nzima ijengwe upya. Mkurugenzi hakutaka kusikia habari ya kufunga, kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuona mfumo ukifanya kazi. Mume wangu akasema basi mkataji mpya usubiri wageni waondoke. Halafu akachukua likizo, kwa kuwa jicho langu lilikuwa linafanyiwa upasuaji na daktari alitaka mtu wa kunishika mkono.

Wageni walipofika, mimi nilikuwa wodini na bandeji usoni, na mume wangu alikuwa kwenye kiti pembeni ya kitanda akinisomea gazeti. Ofisini, kufuli lilifunguliwa. Mkataji mpya ulichomekwa juu ya faharasa ya zamani. Wageni walioneshwa nyaraka zilizoingizwa asubuhi ile ile, zilizokatwa na mkataji mpya, na kila neno walilouliza lilileta jibu. Walipiga makofi. Mkurugenzi alimpa Fasta mkono mbele ya watu wote.

Baada ya hapo hukumu za zamani zikaanza kupotea machoni pa makarani. Hazikupotea zote, na hilo ndilo lililotuponza. Hukumu ambazo maneno yake yalibaki yalivyo chini ya mikataji yote miwili zilionekana kama kawaida. Nyingine hazikuonekana. Kwa mtu asiyejua, ilikuwa kama kuna mkono uliokaa ukachagua.

Mzee mmoja alikuwa na hukumu ya zamani iliyozuia nyumba yake isivunjwe. Jirani yake mfanyabiashara aliomba tena kibali, karani akatafuta hukumu ile asiione, kibali kikatoka, na nyumba ikaangushwa. Mji mzima ukajua nani kanufaika, na kilichobaki kikawa kumtafuta aliyehongwa.

Jicho langu lilichelewa kupona, na muda wote huo mume wangu alikuwa akimpigia mdogo wake simu kutoka wodini. "Mambo shwari, kaka. Muuguze shemeji."

Siku aliyorudi kazini alilijua tatizo hata koti hajalitundika. Akafunga mfumo bila kumwomba mtu ruhusa, akaijenga faharasa upya, na hukumu zote zikaonekana, na ya yule mzee pia. Ila nyumba haijengwi upya kwa kubonyeza kitufe.

Jioni ile Fasta alimtangulia kaka yake sebuleni kwetu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, televisheni imezimwa.

"Mbona hukuijenga faharasa?" kaka yake alimuuliza.

"Nilipanga kuijenga baada ya wageni. Halafu mkurugenzi akasema tusiguse kitu kinachofanya kazi."

"Na kufuli?"

"Lilikuwa linasumbua, kaka. Nilijua ni ile tabia yako ya kuogopa."

Mume wangu akaniomba maji.

Kamati ikaundwa. Ikauliza nani aliubuni mpini ule, akajibu ni yeye. Ikauliza kosa ni la nani, akajibu la kitengo chake. Taarifa yao ikasema mfumo ulibuniwa bila kinga yoyote. Alistaafishwa bila hata kikombe cha chai cha kumuaga.

"Sema kulikuwa na kufuli," nilimwambia.

"Watauliza nani alilifungua."

"Si waulize."

"Ana watoto wadogo, Mwalimu."

"Na wewe una jina."

"Atasema mwenyewe. Mpe muda."

Tukampa muda. Mume wangu aliutumia akiwa amekaa kwenye meza ile ile, haina karatasi tena, akiinua kichwa kila geti lilipolia. Fasta alikuja kwa maziko. Alilia kuliko wote, na watu wakasema kweli huyu alimpenda kaka yake. Huenda alimpenda. Sasa ndiye mkuu wa kitengo. Mpini ule unatumika katika kila mahakama nchini, na kufuli limerudishwa mahali pake.

Juzi alikuja na pakiti ya biskuti.

"Shemeji, ofisi inakuomba picha ya kaka itundikwe ukumbini. Nimeombwa niandike maneno ya chini yake."

"Andika kwamba kulikuwa na kufuli."

Aliangalia viatu vyake. "Hayo yameshapita, shemeji. Tutafukua ya nini? Tufikirie familia."

"Familia naifikiria tangu hujajua kufunga vifungo vya shati," nilimjibu. Nikachukua kikombe chake, chai ikiwa nusu, nikakipeleka jikoni. Nilipotoka alikuwa ameondoka. Biskuti alizisahau, nikampa mlinzi.

Picha sikuitoa, na sitaitoa. Ukuta wenye maneno ya uongo hauwezi kubeba uso wa mume wangu.

Wanaotaka nimalizie waelewe hivi. Waliokuwa na neno la siri la kufungua kufuli lile walikuwa wawili. Mmoja alikuwa hospitali amenishika mkono. Wa pili yu hai, ana afya, na mdomo anao. Ya marehemu nimeyasema. Yaliyobaki yana mwenyewe wa kuyasema, na mimi sisemi tena.