Zilibaki siku kumi na saba

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Mwanamke wa miaka arobaini na moja amesimama pekupeku kwenye korido ya ghorofa ya tatu, sikio kaliweka mlangoni. Hagongi wala haiti. Anasikiliza kama kuna mtu anapumua upande wa pili.

Kuna kikohozi kimoja, kisha kitanda kinalia. Mwanamke anashusha mabega, anaingia jikoni, anawasha birika la umeme na kuchukua kalamu nyekundu iliyofungwa kwa uzi kwenye kalenda ya duka la miwani. Anaikata siku ya jana.

"Ishirini na tatu," anasema. "Bibi kaniamkia salama."

Tumwite Karani. Ni jina alilopewa na mzee ambaye yeye alimtunza kabla ya bibi huyu, kwa sababu ya hiyo kalenda na hiyo kalamu. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda, kuwapa dawa kwa saa. Analala kwenye chumba kidogo kando ya jiko. Mzee akiwa hai, Karani ana kazi na ana pa kulala. Mzee akifariki, vyote viwili vinaondoka siku moja.

"Wenzangu wakifukuzwa kazi wanarudi nyumbani kulia," anasema huku akifuta meza ambayo tayari ni safi. "Mimi kazi na nyumba vinaondoka kwa mpigo. Nalilia stendi, nimekalia begi."

Hizo siku anazozikata zina maana yake. Katika mji huu mgeni anayetaka kumleta mwanawe lazima athibitishe kwamba ameishi kwenye anwani moja miezi kumi na miwili mfululizo, na mtoto awe hajatimiza miaka kumi na minane. Ukihama, hata kama ni nyumba ya jirani, hesabu inaanza upya.

Binti yake ana miaka kumi na sita na miezi kumi. Alimwacha kwa dada yake mkubwa akiwa na miaka kumi na moja, bado anaogopa kulala taa ikiwa imezimwa.

Mwaka wa kwanza ugenini Karani alipiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Zaidi ya nusu ya mshahara iliishia kwenye kitanda cha juu, katika chumba cha wanawake sita, na kitanda cha kupanga hakihesabiwi kuwa anwani. "Pua yangu na dari vilikuwa vinaamkiana," anasema. "Ukitaka kukaa, ushuke kwanza."

Alitafuta chumba chake mwenyewe hadi akachoka. Siku moja alipanga foleni ya watu arobaini kwenda kuona chumba kisicho na dirisha. "Mwenye nyumba anatuhoji kama tumekuja kuposa! Unafanya kazi gani, unapika nini, wageni wako ni akina nani. Na ukitaja mtoto, hapo hapo umekwisha."

Ndipo akaingia kwenye kazi ya kulea wazee, kwa kuwa inakuja na chumba. Kwenye ofisi iliyomtafutia kazi walimpa onyo moja: usiwaambie wenye mzee kwamba una mtoto unayetaka kumleta. Wataogopa atakuja kukaa kwao.

Mama mzee wa kwanza alifariki hesabu ikiwa mwezi wa nne. Wa pili alipelekwa na wanawe kwenye makao ya wazee hesabu ikiwa mwezi wa nane. Kisha akapatikana yule mzee aliyempa jina.

Mzee alikuwa fundi wa lifti. Aliondoka kwao kijana, akatengeneza lifti za mji huu miaka arobaini, akaoa huku, akanunua nyumba, akazaa mwana na binti. Kiswahili alikiacha uwanja wa ndege. Wanawe hawajui hata salamu.

Halafu akapigwa na kiharusi. Alipozinduka, lugha ya huku ilikuwa imefutika yote. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni mwake, na nyumba nzima hakuna anayekielewa.

"Siku niliyofika, binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mwalimu mzima, ananiambia, 'Naomba umwambie baba kwamba nimekuja.'" Karani anatikisa kichwa. "Baba yake yuko hatua tatu! Nikasema, 'Baba, binti yako amefika.' Mzee akaangua kilio. Binti naye akalia. Mimi katikati, bado na koti langu, nikalia pia. Ningefanyaje?"

Kwa mzee hakuficha kitu. Wawili hao walipiga soga mchana kutwa, na habari ya binti na kalenda mzee aliijua kama dua. Kila asubuhi Karani alifungua mlango na kumkuta anamsubiri.

"Karani, zimebaki ngapi?"

"Mia moja na nne, Baba."

"Basi leo sifi. Nina shughuli."

Karani anatabasamu anapolikumbuka hilo, kisha anageuka kuelekea sinki. Anasema kuna jambo moja linamuumiza mpaka leo: hajui kama alikuwa anamwombea mzee uzima au alikuwa anaiombea kalenda. "Nilimpenda. Haki ya Mungu nilimpenda. Lakini nilikuwa najua hesabu."

Zikiwa zimebaki siku ishirini, ilikuwa Jumapili mchana, mzee alizidiwa. Wanawe walikuja, wakakaa huku na huku kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni. Mzee akamshika Karani kifundo cha mkono, akaanza kusema. Sauti ilikuwa ndogo lakini maneno yalikuwa yamenyooka.

Karani anayajua kwa moyo. "Alisema, 'Waambie wasigombane. Na waambie huyu Karani asitolewe humu mpaka mwanawe afike. Nyumba ni yangu, ninasema asitolewe.' Akarudia. Mara mbili, unasikia? Mara mbili."

Wanawe wakamgeukia. "Amesemaje?"

Jikoni, Karani anaifuta tena meza. Maji ya birika yameshachemka na kupoa.

"Nilisema, 'Anasema msigombane. Na anawapenda sana.'"

Anainua uso. "Hilo la kuwapenda niliongeza mwenyewe. Mzee hakulisema."

Binti wa mzee alijilaza kifuani kwa baba yake, akasema hajawahi kuambiwa hivyo tangu azaliwe. Mzee alimtazama Karani, akamtazama binti yake analia, akafumba macho. Huenda alidhani ujumbe umefika.

Kwa nini hakuwaambia? Karani anajibu haraka, kama mtu aliyejiuliza swali hilo mara elfu. "Nijiombee nyumba mbele ya mtu anayekata roho? Wangesema huyu anajitafsiria. Shahidi wangu ni nani? Halafu ndiyo wangejua nina mtoto, na mwaka mzima niliwaficha. Niliona aibu. Aibu tu, ndugu yangu, hakuna kingine."

Mzee alifariki Jumatano. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba.

"Si watu wabaya, nisiwasingizie," anasema kuhusu wale ndugu wawili. Walimpa koti zito la mzee na barua nzuri ya kumsifia. Akajikaza, akaomba kama inawezekana akae kidogo. Kaka akamjibu kwa upole kwamba nyumba inauzwa na fundi rangi anaingia Jumatatu. Karani akasema haidhuru.

Siku ya kurudisha ufunguo, binti wa mzee alimsindikiza hadi ngazini. Akamwuliza, "Ile Jumapili baba alisema maneno mengi. Wewe ukatuambia machache."

"Alikuwa anarudia," Karani akamjibu.

Wakakumbatiana. Karani akashuka na mabegi mawili.

Simu ya jioni hiyo ndiyo iliyommaliza. Binti yake alikuwa ameshawaaga wenzake wa darasani na ameshagawa mablanketi yake. "Akaniuliza, 'Mama, si ulisema zimebaki kumi na saba?' Nikamwambia tunaanza upya. Kisha akasema, 'Sawa, Mama. Shikamoo.' Shikamoo ya kuagia, ya kunikatia simu. Sijawahi kuisikia hiyo."

Karani alirudi kwenye kitanda cha juu, kile kile cha chumba cha wanawake sita. Miezi miwili ilipita ndipo akapata kazi kwa bibi huyu, mwenye umri wa miaka tisini na moja, anayegombana na televisheni na hajui neno hata moja la Kiswahili.

Hesabu anaijua usingizini. Binti anatimiza kumi na minane baada ya miezi kumi na tatu na wiki moja. Zinazotakiwa ni miezi kumi na moja na wiki moja. "Nina miezi miwili ya kuchezea. Bibi akinitoka kabla, basi."

Safari hii hakuficha. Siku ya kwanza tu, kabla hajavua viatu, alimwambia mwana wa bibi kwamba ana binti na anataka kumleta. Bwana yule alijikuna kidevu, akasema wataona. Karani amelishikilia hilo neno. Ameshapima chumba chake kwa hatua: wakisogeza kabati, kitanda cha pili kitaingia. Anataka binti amalizie shule hapa, na yeye asomee uuguzi, aache kulala kwenye nyumba za watu.

Bibi anagonga ukuta kwa fimbo. Ni wakati wa uji wake. Karani anajifunga aproni, anakoroga, anaonja joto kwa ncha ya ulimi.

Mwandishi anamwuliza kama haogopi kwamba wana wa mzee wataisoma habari hii gazetini. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka kwa sauti, bakuli mkononi.

"Wataisoma vipi?" anasema. "Wangekuwa wanaijua lugha hii, mwanangu angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe."