Mama na Zumari Yangu

Mama hajawahi kuniita mpiga obo. Kwake chombo changu hiki cha Kizungu cha kupuliza ni zumari, basi. Nilikuwa nikikasirika kweli. Mpiga zumari wa harusi za Mombasa, nilimwambia, hakusota chuoni miaka yote ile, wala hashindi na kisu akichonga vipande vya tete vya kupulizia, vingi vikiishia kwenye taka. Mama, miguu imemvimba kwa kuhudumia wazee wa watu kutwa, alinijibu, "Haya, mpiga zumari, njoo ule."

Mwaka ule okestra moja ya hapa Landani ilikuwa ikinijaribu. Ilitaka mpiga obo wa kwanza, na onyesho la Jumapili alasiri lilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Mama alibadilisha shift akaja, amejitanda leso yake mpya, akaketi mbele kabisa.

Kabla ya muziki kuanza, vyombo hupatanishwa, na desturi ni obo itangulie. Ukumbi ukanyamaza. Nikapuliza sauti moja, nyembamba, iliyonyooka. Fidla zikaifuata, kisha tarumbeta, kisha vile vikubwa vya nyuma. Nimeifanya kazi hii mara nyingi na bado mwili hunisisimka: mabingwa wote wale, wengine wamenizidi umri maradufu, wanaiamini pumzi yangu.

Ndipo Mama akapiga vigelegele.

Kwetu zumari ikilia harusi imeanza, na mwanamke anayekaa kimya ana lake jambo. Mama hakutaka aonekane hivyo. Alipiga hasa, vikafika hadi darini, na vichwa vyote vikageuka. Nilijua nikicheka sauti itapinda, na nikilia pia itapinda. Nikaishikilia, huku nikisema moyoni kazi imekwenda.

Ndani ya basi la kurudi nyumbani Tottenham nilikuwa nimefura. "Mama, hata hatukuwa tumeanza! Tulikuwa tunapatanisha vyombo tu."

"Sasa mimi ningejuaje?" alisema. "Niliona watu wote wale wamenyamaza, na hakuna anayethubutu kuanza mpaka mwanangu aanze."

Nikamshika mkono hadi kituo chetu.

Kazi nilipewa. Mmoja wa waliokuwa wakinipima aliniambia kwamba sauti yangu haikutetereka hata kidogo zilipopigwa zile kelele. Nikamwambia hazikuwa kelele, mama yangu alikuwa akiniitikia.